Mlango Niliofutia Brashi

Valea Ursoii,
tarehe 14 Oktoba

Kwa dada yangu mkubwa Nastasia,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu aliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na kunizaba makofi kabla sijajua kukosea. U hali gani huko Turini? Magoti yako je, yale yaliyokuwa yakilia kama lango bovu ulipokuja mwezi wa nane mwaka jana? Na yule bibi wa Kiitaliano unayemtunza, bado anakuita kwa kengele? Mwambie mdogo wako anamsalimu, na siku akitaka kumwona mtu mwenye afya, aje huku anitazame mimi. Ilinca naye, mpwa wangu, masomo yanakwenda? Mwambie mjomba wake sasa ni mtu maarufu, asione haya kunitaja.

Sisi huku hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Plamu zilizaa mwaka huu mpaka matawi yakaomba msamaha. Chupa mbili za pombe yake zimo ndani ya kifurushi hiki, chini ya nyama ya moshi, na barua nimeilaza katikati ili isikunjike. Dereva wa basi la vifurushi ameapa kwa mama yake kwamba hataonja. Mama yake namjua, kwa hiyo hesabu chupa moja na nusu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, simu ni ya watu wenye mambo mafupi. Tena kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili ukilikatiza katikati utabaki na nusu yake mbaya. Barua haikatizwi. Kaa, vua viatu, usome mpaka utakapofika kwenye jina langu.

Kubwa kwanza: mdogo wako ameshinda. Mimi Gavril, niliyeacha shule darasa la sita kwa kuwa mwalimu alikuwa ameishiwa na mambo ya kunifundisha, nimesimama katika jumba la picha mjini Cluj, nimevaa koti la marehemu baba, na watu mia tatu wamenipigia makofi. Palaguta jirani yetu, niliyekwenda naye, anasema walikuwa sitini. Palaguta ana mtoto wa jicho.

Ilianza hivi. Mwaka jana mwezi wa kumi, gari dogo lilikwama kwenye tope mbele ya lango letu. Ndani alikuwamo mwanamke wa makamo, nywele fupi, buti za kiume, jina lake Ruxandra, mpiga picha wa Cluj aliyekuwa akilitafuta kanisa la mbao. Nililing'oa gari lile kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kamba ya fahali wawili wa Palaguta, lakini hilo si la kuandikwa.

Aliposhuka hakunishukuru. Alikuwa akitazama nyuma yangu, juu ya bega, kama mtu aliyemwona ndugu yake sokoni. Nikageuka. Hapakuwa na kitu, ila banda la baba la kuwekea nyasi na mlango wake. Nikamwambia asihangaike na banda, aje mbele aione nyumba, ambayo nimeipaka njano mimi mwenyewe, njano ya kung'aa hata kuku wa jirani walikuwa wakitaga saa sita usiku wakidhani kumekucha. Akasema nyumba ni nzuri, ila anaomba asogee bandani. Palaguta alikuwa ameshajiegemeza kwenye ua wake. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika bonde zima, kama mgeni amesafiri kutoka mjini kuja kunipiga picha mimi au mavi ya ng'ombe.

Ruxandra akagusa mbao za mlango kwa kiganja. Akanieleza kwamba wanaokuja vijijini kwetu wote hupiga picha nyeusi na nyeupe, kana kwamba tulishazikwa. Yeye hupiga za rangi tu. Majengo ya zamani, mapaa yaliyobonyea, vilima vilivyochongwa na miguu ya kondoo, hivyo vyote kila mtu anaviona umbo lake; lakini umri wa kitu, alisema, umo katika rangi yake. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasema hayo tangu utotoni.

Sasa nakuona, dada. Umeacha kusoma, umeinua kichwa, unahesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa kumi? Mbona Gavril aliniandikia mwezi wa tisa kwamba banda limeshavunjwa?

Ndiyo. Bado limesimama.

Usiitupe barua. Nakumbuka vizuri uliyoniambia, mkono kiunoni, pale pale chini ya paa: nilivunje kabla ya theluji, ili Fundi Onisim amwage msingi wa nyumba yako ya ghorofa, yenye balkoni na nguzo nyeupe, uzee wako ukae ukitazama barabara. Nikakuandikia kwamba limevunjwa. Krismasi nikakuandikia kwamba boriti nimezipanga vizuri, moja juu ya nyingine. Wakati wa kuchipua majani nikakuandikia kwamba Onisim ameanguka kutoka paa la kanisa na kuvunjika mguu. Onisim hajavunjika hata ukucha. Anapita hapa kila siku akirukaruka kama mbuzi na kuniuliza aanze lini. Palaguta nimemfunga mdomo kwa kumpakia rangi ua wake bure, pande zote mbili.

Kwa nini nilidanganya, hilo lina zamu yake, liko chini ya barua. Nisubiri.

Basi Ruxandra alisema siku ile mwanga ulikuwa mbovu, atarudi kabla miti haijavaa majani. Akarudi kweli, wiki ya Mateso. Na hapo ndipo palipotaka kuharibika kila kitu, na aliyetaka kukiharibu ni mdomo wangu.

Wewe unajua Alhamisi ya kabla ya Pasaka ilivyo kwetu. Hakuna ukuta unaolala bila chokaa. Pasaka ikikuta ukuta wako mchafu, watu husema katika nyumba hiyo kuna maiti au kuna mvivu. Nami nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu, mpaka kwa padre, kwamba bibi wa mjini anakuja kupiga picha kwangu, si kwa mwingine. Kufika adhuhuri, wanawake watano wako langoni na ndoo. Palaguta mbele. Wanasema ni aibu ya kijiji kizima: mgeni atoke Cluj aje apige picha mlango uliochafuka kama kitambaa cha kulishia mtoto, watu wa mjini waseme Valea Ursoii hawanunui chokaa?

Nikawaambia mgeni anautaka hivyo hivyo. Palaguta akasema, "Gavril, mgeni mwenye adabu anasema chochote. Mgeni akila supu yako ya chumvi nyingi atakwambia tamu. Wewe ndiye wa kuona haya."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema basi niwapishe, maana labda fundi wa rangi amezeeka na mkono unatetemeka. Dada, unanijua. Mtu anitukane mimi, nitamsamehe. Anitukanie brashi? Nikamnyang'anya ndoo, nikakoroga chokaa mwenyewe, nikapaka ukuta wote wa mbele na mlango wote, juu hadi chini, mpaka banda likawa jeupe kama mtoto wa ubatizo. Wanawake wakasema sasa ndiyo nyumba ya Wakristo, wakaenda zao.

Jioni hiyo hiyo Ruxandra akafika. Alisimamisha gari, akafungua mlango wa gari, akakaa hapo hapo miguu nje. Hakulia, hakugomba. Aliukazia mlango wa banda macho, akasema neno moja tu: "Umemzika."

Nilitamani aniite mpumbavu. Palaguta akaja na mkate wa Pasaka uliojaa jibini, akamuuliza kwa furaha kama si kweli kwamba pamependeza. Ruxandra akaupokea mkate kwa mikono miwili, akasema pamependeza sana. Nikaelewa kwamba Palaguta alikuwa na haki kuhusu wageni na supu.

Alilala kwa Palaguta kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Ijumaa mvua ikanyesha tangu asubuhi. Tulizunguka kanisa na mishumaa ndani ya makopo, maji mpaka ndani ya soksi. Si mvua, dada, samaki wangeweza kutoka mtoni kwenda kutembeleana. Jumamosi kulipopambazuka nikatoka kukamua, nikaona nyasi mbele ya banda ni nyeupe, kama mtu amemwaga maziwa ya ng'ombe mia. Nikainua macho.

Chokaa yote ilikuwa imeteremka. Mlango ulikuwa unachungulia tena, umeoshwa, unameremeta, bluu yake ni bluu, nyekundu yake ni nyekundu, na ndani ya kila ufa wa mbao chokaa kidogo imebaki, nyembamba kama uzi, kama mtu amekaa miaka akiifuma. Paa lilikuwa linatoa mvuke. Nyuma yake kilima chetu, vijiti vya kurundikia nyasi vimesimama vitupu, na majani mapya yanaanza kama manyoya ya kifaranga.

Nikaenda kumgongea. Alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia. Alisimamisha kamera yake kubwa ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akapiga picha nne tu, muda wa kukamua ng'ombe mmoja mwepesi. Alipotoka chini ya kitambaa akanibusu paji la uso mbele ya Palaguta, akauliza nilifanyaje.

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia ni siri ya mafundi, chokaa ya kupaka ili iondoke. Na mpaka leo kilabuni nasema hivyo hivyo, na kila nikisema, siri inaongezeka urefu.

Mwezi uliopita ikaja barua: picha imeshika nafasi ya kwanza katika mashindano ya picha za mashambani, tuje Cluj. Tukaenda, mimi na Palaguta, kwa treni, na yai la kuchemsha kila mmoja mfukoni. Picha, dada, imekuzwa sawasawa na mlango wenyewe. Nilitaka kuusukuma niingie. Chini yake karatasi ndogo imeandikwa: "Wakati." Basi, neno hilo tu.

Akasimama profesa mwenye miwani kwenye kamba. Akaeleza vizuri sana, kwa maneno ambayo mengine nadhani aliyatunga palepale. Akasema bluu ile ni ya enzi za babu zetu wakubwa. Akasema wekundu ule ni jua la miaka mia, na kijani ni unyevu na kuvu, na kwamba hapa tunaona wakati wenyewe ukichora, mkono wa mwanadamu haukugusa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Palaguta naye akaitikia! Mimi nimevumilia mengi maishani, nimevumilia jeshi na meno, lakini hilo halikupita kooni. Nikanyoosha mkono, kama darasani.

"Samahani, profesa," nikasema. "Huo si wakati. Huyo ni mimi."

Watu wakacheka. Profesa akaniuliza kwa upole mimi ni nani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikifutia brashi."

Nikapita katikati yao mpaka kwenye picha, koti la baba likinuka dawa ya nondo, nikawaonyesha. Miaka thelathini na mmoja mimi ni mpaka rangi. Kila nikimaliza kazi, kabla sijaiosha brashi, naifuta kwenye mlango wa banda, kwa sababu baba hakupenda nifutie kwenye nyasi, ng'ombe wasije wakala. Nikawaonyesha: kijani hiki ni lango la shamba la ushirika, hii nyeupe iliyokauka vibaya ni shule, kijivu hiki ni daraja, kahawia ni mizinga ya nyuki ya padre, njano hii ni nyumba yangu ya kuku wasiolala. Kila rangi na mwaka wake na mwenyewe.

Profesa akavua miwani. Akasogea, akatazama nilipokuwa nimeweka kidole, akasema, "Basi nimekuwa nikimsifu mtu ambaye hakuwepo." Akanipa mkono. Ruxandra alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaazima kalamu, akaikata ile "Wakati", akaandika chini yake kwa mkono wake: "Gavril wa Valea Ursoii. Miaka thelathini na mmoja. Brashi na mvua." Hapo ndipo makofi yalipopigwa. Mia tatu, dada. Sitini hawana makelele yale.

Sasa nisikilize. Picha hizo zinasafiri. Zinakuja kwenu Turini, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na karatasi yenye jina la jumba na saa nimeikunja ndani ya bahasha hii. Wiki moja baada ya hapo, Jumatatu, Onisim anakuja na lori la mawe. Amechoka kuningoja, anasema ni kabla ardhi haijaganda au anampelekea mwingine. Sina neno la kumpa. Banda ni letu sote wawili, baba hakuligawa. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana nilikwambia vua viatu.

Mficha uchi hazai. Hapa ndipo chini ya barua.

Ile chokaa, sikuijua siri yoyote. Mwanafunzi wa wiki moja anajua kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na kwamba usipotia chumvi mvua ya kwanza itaichukua. Mimi nilisahau. Miaka thelathini na mmoja, nikasahau chumvi. Nilisahau kwa sababu nilipokuwa nakoroga nilikuwa nautazama mlango pembeni ya komeo, pale mama alipozoea kuusukuma kwa bega akiwa na ndoo za maziwa. Pana bluu pale, ndogo, haizidi kiganja. Ni ya msalaba wake.

Wewe hukuweza kuja, mipaka ilikuwa imefungwa, ulimzika kwa simu, nami ndiye niliyeinyanyua simu juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi. Hukuniuliza kitu baada ya hapo. Nilirudi nyumbani, nikaupaka msalaba bluu kama alivyotaka, nikaja kufuta brashi. Sikufikiri chochote. Mkono ulikwenda wenyewe penye bega lake. Basi Alhamisi ile, wanawake wamesimama nyuma yangu wananicheka, nilipofika kwenye kiganja kile nilipaka bila kuona. Walidhani ni chokaa imeniingia machoni.

Na uliponituma kulivunja, nilipanda, Mungu ni shahidi. Niling'oa vigae vitatu vya mbao, nikashuka. Siku hiyo hiyo nikakuandikia kwamba nimemaliza, nikidhani barua ikishaondoka itanilazimisha. Haikunilazimisha.

Jingine ni hili, nalo usimwonyeshe Ilinca. Ile nyumba ya askofu niliyokwambia nimeipaka, nilipaka lango tu. La nyuma. Na kila nilichowahi kupaka vizuri, watu walikipaka tena juu yake baada ya miaka mitano, ndivyo kazi yetu ilivyo. Hakuna kuta zangu popote. Kilichobaki ni mlango ule ambao sikuwahi kuukusudia.

Kwa hiyo nakuomba, dada, si kwa ujeuri. Jumapili hiyo mwombe bibi yako ruhusa, mchukue Ilinca, nenda. Usiisome karatasi iliyo chini ya picha. Anzia penye komeo, umsalimie mama. Halafu panda juu kidogo, kushoto, utaona njano hafifu: ni kitanda alichozaliwa Ilinca. Halafu tazama kwenye usawa wa bega la kijana wa miaka kumi na sita. Kuna wekundu mzito, una alama ya vidole. Huo ndio wa kwanza kabisa, kabla yake mlango ulikuwa mtupu. Ni sanduku lako la arusi, kazi yangu ya kwanza. Nilifuta brashi pale, ukatoka nyumbani mbio ukanizaba kofi kwa kuuchafua mlango wa baba, nami nikajishikiza hapo hapo kwenye rangi mbichi.

Ukishaona, ukisema bado livunjwe, tuma neno moja kwa dereva, nitalivunja kwa mikono yangu, na mara hii litakuwa kweli. Lakini jana nimepima kwa hatua, upande wa mtofaa. Nyumba ya ghorofa inaenea pale, pamoja na nguzo zake. Balkoni haitatazama barabara. Itatazama mlango.

Palaguta anakusalimu na anasema bado anadai upande wa tatu wa ua. Padre anakusalimu. Onisim anakusalimu sana, amesimama hapa kwa miguu yake yote miwili. Ndama hana jina, anakungoja wewe.

Kaeni salama wote, Mungu awatunze, na nyama msiikate nene.

Mimi mdogo wako mtiifu, ajulikanaye Cluj,
Gavril

Nilikuwa nimesahau: kofi lile limepata tuzo ya kwanza.